Waya Ulioishia Kolwezi

Umeme wa mabwawa ya Inga, kwenye Mto Kongo, huingia Kolwezi, mji wa migodi kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, baada ya safari ya kilomita 1,700 hivi. Nguzo zake hupita juu ya vijiji vinavyowasha vibatari usiku, kwa sababu ni umeme wa msongo mkubwa ambao hauchotwi njiani kwa urahisi. Uliletwa kwa ajili ya migodi, tena kwa mkopo.

Mpango huo ulipoanza, shaba ilikuwa na bei. Mapema 1974 tani moja ilivuka dola 3,000. Benki za Magharibi nazo zilijaa fedha za nchi zenye mafuta, zikatafuta wa kumkopesha. Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, yenye shaba kama tegemeo kuu la mauzo yake ya nje, ilionekana mteja mzuri.

Kabla ya mwaka huo kwisha, bei ilianguka chini ya nusu. Agosti 1975 vita vya Angola vikaifunga reli ya Benguela, njia ya shaba kwenda baharini. Mapato yakakauka, deni likabaki lilelile, kwa dola. Zaire ikashindwa kulipa, na mwaka 1976 ikaketi Paris na serikali zilizoidai kuomba muda. Waya ulikamilika 1982, gharama ikiwa imepanda mno.

Hapo ndipo mgogoro wa mikopo unapoanzia: mkopo hupimwa kwa mapato ya neema, hulipwa kwa mapato ya dhiki.

Minyororo midogo ya mikopo hukatika vilevile. Bei ya madini ikishuka, mchimbaji hula bukari, yaani ugali, kwa deni. Mama anayemuuzia naye hushindwa kumlipa mwenye unga, na mwenye unga husitisha kukopesha mtaa mzima, hata walio waaminifu. Mwaka 2008 benki kubwa duniani zilifanya hivyohivyo zilipoacha kuaminiana. Shaba ikaporomoka kutoka zaidi ya dola 8,000 mwezi Julai hadi chini ya 3,000 Desemba, na viwanda vingi vidogo vya kuyeyusha madini huko Katanga, mkoa wa Kolwezi wakati huo, vikafungwa.

Mwaka 2010 wadai waliifutia Kongo sehemu kubwa ya deni la nje. Leo barabara zinajengwa kwa mapato ya Sicomines, mgodi wa ubia na kampuni za China hapo hapo Kolwezi. Mkataba uliorekebishwa 2024 unaahidi dola milioni 324 kwa mwaka hadi 2040, mradi tani ya shaba isishuke chini ya dola 8,000.