Huna TB. Basi una nini?

Mgeni anayeingia Mgololo, wilayani Mufindi, kwa mara ya kwanza huanza kwa kulalamikia harufu. Ni harufu ya mayai viza, na inatoka kwenye kiwanda cha karatasi, kile kilichoanza miaka ya 1980 kwa jina la Southern Paper Mills na leo ni Mufindi Paper Mills. Magogo ya misindano hukatwakatwa na kupikwa kwa kemikali kali zenye salfa mpaka nyuzi zake ziachane. Wenyeji walishazoea. Mgeni akikohoa usiku huo, lawama zote zinakwenda kwa harufu.

Pua lakini ni shahidi wa kutiliwa shaka. Gesi za salfa hunuka hata zikiwa kidogo mno, chini sana ya kiwango cha kudhuru mapafu. Zikizidi, kwa mfano ndani ya tangi au shimo lisilopitisha hewa, huua uwezo wa kunusa, na mtu hasikii tena chochote wakati ambapo hatari ndiyo imefika. Kwa upande mwingine, vumbi la msindano linanukia vizuri. Moshi wa kuni nao, kwa mtu aliyetoka kwenye baridi ya Mufindi mwezi wa Juni, unanukia chakula cha jioni. Hakuna anayeulalamikia.

Swali la kwanza la mkohoaji linajulikana katika kila zahanati: una muda gani na hicho kikohozi? Zikifika wiki 2, au kukiwa na homa za jioni, jasho la usiku na nguo zilizoanza kupwaya, kinatafutwa kifua kikuu. Katika Nyanda za Juu Kusini swali hilo ni zito zaidi, kwa kuwa TB na VVU hutembea pamoja. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima yakiwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa nchi ulikuwa 4.4. Mwenye VVU hasubirishwi wiki 2. Kikohozi cha siku yoyote kinatosha.

Kinachofuata ni kikopo cha makohozi, na hapa kazi nyingi huharibika kimyakimya. Mgonjwa akipewa kikopo bila maelezo atatema mate, na maabara itapima mate. Anatakiwa aende nje penye upepo, asukutue mdomo, avute pumzi ndefu mara kadhaa, kisha akohoe kutoka chini kabisa. Makohozi mazuri ni mazito. Ya alfajiri ndiyo bora. Kwa hadubini, vimelea lazima wawe 5,000 hadi 10,000 katika mililita moja ndipo waonekane. Mashine ya GeneXpert inawanasa hata wakiwa 130 hivi, inatoa jibu ndani ya saa 2 na inasema pia kama rifampisini imeshindwa kuwaua. Ila hakuna mashine inayogeuza mate kuwa makohozi.

Kwa TB tuna haki ya kujivuna kidogo. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na mshauri wake mkuu alikuwa Karel Styblo, daktari kutoka Chekoslovakia ambaye mwenyewe aliugua TB katika kambi ya Wanazi wakati wa vita. Alichojenga hapa na Watanzania kilikuwa utaratibu: hadubini wilayani, daftari la kila mgonjwa, mratibu wa wilaya anayezunguka kuyakagua madaftari hayo, dozi inayomezwa mbele ya macho ya mtu mwingine. Shirika la Afya Duniani lilipotafuta njia ya kuishauri dunia miaka ya 1990, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi ambazo njia hiyo ilichotwa.

Sasa mchukue mkohoaji ambaye jibu lake limerudi kuwa hakuna TB. Daftari linamtema. Hamhusu mratibu. Anaandikiwa amoksilini na dawa ya maji ya kikohozi, anarudi nyumbani, na baada ya mwezi yuko tena kwenye benchi lilelile. Wapo wanaozunguka hivi mwaka mzima, na wengine huishia kupewa dozi ya TB kwa kukisia. Kukisia huko mara nyingine ni sahihi kabisa, maana watoto na wenye VVU wanaweza kuwa na TB ambayo makohozi hayaioneshi, na tabibu mzoefu huamua kwa picha ya kifua na hali ya mgonjwa. Tatizo ni pale jibu la hapana linapochukuliwa kuwa mwisho wa uchunguzi, wakati mgonjwa bado anakohoa.

Katika ukanda wa Mgololo uchunguzi wa pili hauhitaji umeme. Unaweza kwenda hivi:

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, daktari.”

“Kifua kinabana saa ngapi?”

“Usiku. Na alfajiri nikiamka.”

“Unafanya kazi gani?”

“Vibarua tu.”

“Vibarua gani, baba?”

“Nipo kwenye dingdong.”

“Ukienda kwenye msiba ukakaa huko wiki, kikohozi kinakuwaje?”

“Hapo kinatulia. Nilidhani ni hewa ya huko.”

Dingdong ni zile mashine ndogo za kupasua mbao zinazohamishwa kutoka shamba moja la miti hadi jingine, na anayesimama nyuma ya msumeno wake hushinda ndani ya wingu la vumbi. Mgonjwa huyu karibu ameshautaja ugonjwa wake: pumu ya kazini. Kama angeachiwa pale aliposema “vibarua tu”, angerudi na amoksilini. Mwaka 1700 daktari wa Kiitaliano, Bernardino Ramazzini, aliandika kitabu kizima kuhusu magonjwa ya kazi, akiwaambia wenzake wamwulize mgonjwa kazi yake. Zaidi ya miaka 300 baadaye, fomu nyingi za wagonjwa wa nje zina nafasi ya dini na namba ya simu, na kazi inajazwa “mkulima” kwa kila mtu.

Kuthibitisha kunahitaji kifaa kimoja cha plastiki, bomba la kupuliza lenye mshale unaosogea, ambalo halihitaji betri. Mgonjwa anapuliza kwa nguvu zake zote mara 3, na namba ya juu inaandikwa. Anavuta salbutamoli, dawa ya kufungua njia za hewa, anasubiri dakika 15, anapuliza tena. Namba ikipanda kwa asilimia 20 au zaidi, njia za hewa zilikuwa zimebana na zimefunguka, na hiyo ni pumu kwa kila dalili. Ukimpa bomba aende nalo nyumbani, akaandika namba asubuhi na jioni siku za kazi na siku za mapumziko, karatasi yake itaonesha wazi kama msumeno una mkono katika jambo hili.

Kwamba kazi huacha alama mapafuni si hadithi ya Ulaya. Simon Mamuya wa Muhimbili, pamoja na wenzake wa Bergen, Norway, walipima vumbi na pumzi za wachimbaji wa makaa ya mawe hapa hapa Nyanda za Juu Kusini na kuchapisha matokeo mwaka 2006 na 2007. Waliovuta vumbi jingi kuliko wote walikuwa wale wanaotoboa mahandaki mapya, maana hao hukutana na mwamba, na mwamba una madini ya silika. Picha ya kifua ya mtu wa aina hiyo inaweza kufanana sana na ya TB. Tena silika yenyewe huirahisishia TB njia, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili.

Akina mama wana kazi yao ambayo hakuna fomu inayoiita kazi. Mabanzi kutoka kwenye mashine za mbao ni kuni za bei rahisi, baridi inalazimisha mlango ufungwe, na binti anayeanza kupika akiwa na miaka 8 anaweza kufika 50 akiwa na mapafu ya mvutaji sigara wa siku nyingi bila kuwahi kuigusa. Anahema akipanda kilima, anakohoa makohozi meupe kila asubuhi, bomba linaonesha namba ya chini na dawa haiipandishi sana. Huo si uzee, ni kazi ya moshi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Kwa mama huyu mtungi wa gesi ni dawa ya mapafu, ingawa hauandikwi kwenye cheti.

(Na kabla ya yote, mwulize mkohoaji yeyote kama anameza dawa za presha. Kaptoprili na enalaprili huweza kuleta kikohozi kikavu kisichosikia dawa, nacho huisha zikibadilishwa.)

Lipo pia kundi la watu ambao TB iliwahi kuwapata, wakamaliza miezi 6, wakatangazwa kupona. Vimelea wamekufa, makovu yamebaki. Kituo cha utafiti wa tiba cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) mjini Mbeya kimekuwa katika mradi wa nchi 4 za Afrika, TB Sequel, unaowafuatilia watu hawa baada ya dozi, kwa sababu daftari la Styblo lilikuwa linafungwa siku ya kidonge cha mwisho. Mmoja wao akija na pumzi fupi, wengi hurukia kusema TB imerudi. Inaweza kurudi, na apimwe. Lakini mara nyingi kinachomsumbua ni mapafu yaliyochakaa.

Tukirudi kwa mwenye pumu, dawa zenyewe hazina uchawi. Inayotuliza peke yake haitoshi: tangu 2019 mwongozo wa kimataifa umeacha kushauri mtu mzima atibiwe kwa salbutamoli tupu, na unataka awe pia na steroidi ya kuvuta. Na kwa mtoto asiyeweza kuvuta vizuri, Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionesha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitako ili mdomo wa pampu ukae bila kuvujisha, inafanya kazi sawa na kile kifaa cha dukani.

Jina la ugonjwa lina thamani ya fedha pia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi Julai 2015, hulipa magonjwa yatokanayo na kazi, lakini haulipi “kikohozi cha muda mrefu”. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri awapime wafanyakazi wa kazi za hatari, na mwenye ajira rasmi ana pa kuanzia. Yule wa dingdong hana mkataba, tajiri wake anabadilika kila shamba la miti likiisha, na hajawahi kupimwa na mtu yeyote kabla hajaugua. Kumbukumbu pekee ya miaka yake ndani ya vumbi ni ile ambayo tabibu wa zahanati ataiandika kwenye cheti chake, kama atamwuliza ni vibarua gani.