Wezi wa kamera wawasumbua wawindaji katika misitu ya umma Marekani

KWA msomaji wa Kenya, nchi iliyopiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, huenda ikawa ajabu kusikia kwamba nchini Marekani mamilioni ya watu hununua leseni kila mwaka na kuingia msituni na bunduki au upinde, kihalali kabisa, kumsaka kulungu. Ajabu zaidi ni kwamba misitu hiyo ina wizi usiohusu nyama wala pembe. Kinachoibwa ni kamera.

Kamera yenyewe ni kijisanduku kinachotoshea kiganjani, chenye rangi ya magome ya miti, ambacho hufungwa kwa mkanda kwenye shina. Ndani mna kitambuzi cha joto na mwendo. Apitapo mnyama, au mtu, kitambuzi hicho huhisi tofauti ya joto baina ya mwili wake na mazingira, na papo hapo picha hupigwa. Usiku mwanga wake ni wa infraredi, ambao macho hayauoni, au huuona kwa shida kama kaa dogo jekundu. Baada ya wiki mbili tatu mwindaji hurejea, akachomoa kadi ya kumbukumbu, akajua dume lenye pembe kubwa hupita wapi na saa ngapi. Aina mpya hutuma picha moja kwa moja kwenye simu yake. Zipo kamera za chini ya dola 50, na zipo za mamia ya dola.

Wazo hili si geni. George Shiras, aliyewahi kuwa mbunge kutoka Pennsylvania, alitega nyuzi msituni ili wanyama wajipige picha wenyewe usiku, na Julai 1906 jarida la National Geographic likachapisha picha zake 74. Tofauti ni kwamba zama hizo mwenye mtambo alikuwa mmoja. Leo kila mwindaji anaweza kuwa na kamera kadhaa.

Nchini humo, idara ya misitu ya serikali kuu pekee husimamia takriban ekari 193 milioni, mbali na ardhi ambazo majimbo yametenga kwa ajili ya wanyamapori. Humo huingia mwindaji, mvuvi, mtembezi na mwokota uyoga, bila kuomba ruhusa ya jirani. Kamera hukaa huko majuma mengi pasipo mlinzi. Kutokana na hali hiyo, wapo wanaodai kwamba kilichoachwa katika ardhi ya umma ni cha umma. Hoja hiyo haina mashiko. Gari lililoegeshwa kando ya barabara ya serikali haligeuki kuwa la kila mpita njia, na kamera vivyo hivyo hubaki mali ya aliyeinunua. Anayeichukua ameiba, na thamani yake ndiyo aghalabu huamua uzito wa mashtaka. Iwapo imewekwa mahali au wakati usioruhusiwa, ni afisa wa wanyamapori anayepaswa kuiondoa, wala si mwindaji mwenzake.

Wezi nao si wa aina moja. Yupo anayetaka kuiuza. Yupo mpinzani anayehisi kuwa bonde lile ni lake kwa sababu amewinda hapo tangu utotoni. Mwingine huudhika tu kwa kupigwa picha bila idhini yake. Wa hatari zaidi ni jangili aliyeua mnyama nje ya msimu na anayejua sura yake imo ndani ya kadi. Ndiyo maana mara nyingine mwenyewe huikuta kamera mahali pake, ila kadi haipo.

Kinga ya kwanza haigharimu chochote: kamera isionekane. Watu wengi hutembea wakitazama mbele na chini, hivyo kamera iliyofungwa mita tatu juu ya ardhi na kuelekezwa chini huwapita wengi. Atakayeiweka huko hubeba ngazi au vidato vya kupandia, na akimaliza huondoka navyo. Vilevile inafaa kuachana na njia kuu na maegesho ya magari. Umbali wa dakika arobaini kwa miguu, hasa penye kinamasi au mlima, huwachuja wavivu. Taa isiyoonekana kabisa ni bora kuliko ile inayowaka kaa jekundu, kwani usiku huo mwekundu ndio humwonyesha mwizi pa kutazama.

Sanduku la chuma na waya nene yenye kufuli husaidia, japo kwa kiasi. Mwenye mkasi wa kukatia vyuma hazuiliki, na asiyeweza kuibeba kamera huweza kuivunja kwa hasira. Kamera ya pili, iliyofichwa juu zaidi ikiitazama ya kwanza, imewaumbua wezi wengi. Zile za kutuma picha kwa simu zina faida ya wazi hapa: sura ya mwizi hufika kabla hajaigusa kufuli. Nambari ya siri nayo huifanya kamera isimfae aliyeiiba, na nambari ya utambulisho iliyoandikwa nyumbani huwapa polisi pa kuanzia.

Baada ya wizi, kosa kubwa ni kumfuata mshukiwa. Katika msitu huo kila mtu ana silaha, na ugomvi wa kamera ya dola 80 haustahili risasi. Kutangaza sura ya mtu kuwa mwizi kabla ya uchunguzi kunaweza pia kumgeuza mlalamishi kuwa mshtakiwa.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulipuuza: maneno. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2014, wanasayansi waliweka vifaa bandia katika bustani za Munich, Ujerumani, vikiwa na vibandiko vya aina tatu. Kimoja kilitisha, kingine kilieleza tu, na cha tatu kilizungumza na mpita njia kirafiki kuhusu kazi inayofanywa. Kile cha kirafiki ndicho kilichopunguza wizi na uharibifu. Kitisho hakikufua dafu.

Baadhi ya majimbo yamechukua njia nyingine. Mwaka wa 2018 Nevada ilianza kuzizuia katika ardhi ya umma tangu Agosti hadi Desemba. Arizona ilizipiga marufuku kwa uwindaji kuanzia Januari 1, 2022, na Kansas ikaziondoa katika ardhi zake za umma mwaka wa 2023. Hoja ilikuwa haki ya mnyama kupata nafasi ya kuponyoka, pamoja na msongamano wa watu kwenye vidimbwi vya jangwani, ambako kulikuwa na kamera nyingi kwa maji machache. Wizi ulitajwa pia miongoni mwa magomvi yaliyowachosha wasimamizi.

Hapa Kenya kamera hizi hazitumiki kuwinda. Ndizo zilizonasa picha za chui mweusi wa Laikipia zilizotangazwa Februari 2019, na ndizo zinazowafuatilia bongo wachache waliosalia Aberdare, Mlima Kenya, Mau na Eburu. Nazo pia hufungwa mitini katika misitu inayopitwa na wakata kuni, wachungaji na wategaji wa nyaya. Anayechukua moja yake huondoka na miezi mitatu ya kumbukumbu za mnyama ambaye walinzi huenda wasimwone kwa macho mwaka mzima.