Mark ya Ujerumani na Deni la Sarafu Iliyoanguka

Mtu amekopa noti, kisha noti zile zikashuka thamani. Je, alipe idadi ile ile au thamani yake? Wanavyuoni wamelizungumza suala hili tangu zama za fulusi, sarafu za shaba. Mfano wake ulio wazi mno umo katika historia ya Ujerumani, nasi tumeona tuueleze.

Mark iliwekwa baada ya Wajerumani kuungana mwaka 1871, nayo ilipimwa kwa dhahabu: kilo moja ya dhahabu safi ni mark 2,790. Mwenye noti aliweza kuibadilisha kwa dhahabu, mpaka vita vilipozuka Agosti 1914 na haki hiyo ikaondolewa. Serikali ikaendesha vita kwa mikopo na kwa kuchapa noti, na baada ya kushindwa uchapaji ukazidi. Dola moja ya Marekani, iliyokuwa mark 4.2 kabla ya vita, Novemba 1923 ilifika mark trilioni 4.2. Tarakimu ni zile zile, zimeongezwa sifuri kumi na mbili!

Hapo ndipo ilipoingia dhulma. Aliyekopa mark 50,000 mwaka 1913 kwa kuweka nyumba yake rehani, aliweza kulimaliza deni lote kwa noti zisizonunua hata mkate. Sheria ilisema mark ni mark; basi mdaiwa akabaki na nyumba, mdai akabaki na karatasi. Tarehe 15 Novemba 1923 ilitolewa sarafu mpya, Rentenmark, moja kwa mark trilioni za zamani. Siku chache baadaye, tarehe 28, mahakama kuu iliikataa kauli ya mark ni mark, ikitegemea kanuni ya uaminifu baina ya wanaoamiliana. Sheria ya mwaka 1925 ikawarudishia wadai wa rehani robo ya haki yao. Robo tu!

Kwa upande wa fiqhi, Imamu Abu Hanifa alisema fulusi zikishuka hulipwa mfano wake. Mwanafunzi wake Abu Yusuf akasema hulipwa thamani ya siku ya kukopa. Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki mwaka 1836, alizikusanya kauli hizo katika risala maalumu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao chake cha Kuwait, Disemba 1988, lilipitisha kwamba deni hulipwa kwa mfano wake, wala halifungamanishwi na kiwango cha bei.

Sisi twaiona kauli hiyo ni salama kwa mfumuko wa bei wa kawaida, kwani nyongeza juu ya deni ni mlango wa riba. Ama noti ya mwaka 1923, hiyo haikuwa mfano wa mark ya 1913 isipokuwa kwa jina, na hapo kauli ya ar-Rahuni katika Wamaliki, aliyeyabagua mabadiliko makubwa mno na madogo, ndiyo iliyo karibu zaidi na uadilifu.