Neno Moja Lililofutwa Vumbi

Somo: Mathayo 4:12-17

 

Katika somo letu twamwona Bwana Yesu akianza kuhubiri huko Galilaya. Neno la kwanza alilowaambia watu ni hili: Tubuni. Leo nataka kuwasimulia jinsi maana ya neno hilo ilivyofunikwa kwa muda mrefu kule Ulaya, na jinsi ilivyofunuliwa tena. Ni habari ya historia, lakini mtaona kwamba inatuhusu.

Kati ya miaka ya 1300 na 1600 palitokea mwamko mkubwa katika nchi za Ulaya. Wanahistoria huuita Renaisansi, neno la Kifaransa lenye maana ya kuzaliwa upya. Ulianza Italia, katika miji ya wafanyabiashara matajiri kama Florence. Wasomi walianza kutafuta vitabu vya kale vya Warumi na Wayunani vilivyokuwa vimesahauliwa katika maktaba za watawa. Mwaka 1397 mwalimu mmoja Myunani, Manuel Chrysoloras, alifika Florence akaanza kufundisha Kiyunani, lugha ambayo wasomi wengi wa huko hawakuijua. Kisha, kama mwaka 1455, Johann Gutenberg wa Mainz, Ujerumani, alimaliza kupiga chapa Biblia ya Kilatini. Tangu hapo kitabu kiliweza kutolewa kwa mamia, wala hakikuhitaji kunakiliwa kwa mkono.

Wachoraji nao waliamka. Walichunguza mwili wa mwanadamu, mishipa yake na mifupa yake, wakachora watu wanaoonekana kama wanapumua. Leonardo da Vinci alichora Karamu ya Mwisho ukutani huko Milan, akaimaliza mwaka 1498. Ukiitazama wawaona wanafunzi wameshtuka, kila mmoja akijiuliza ni nani atakayemsaliti Bwana. Naye Michelangelo alichora dari ya kanisa dogo la Papa huko Roma kuanzia mwaka 1508 hata 1512, akaonyesha Mungu akimwumba Adamu.

Basi wasomi wa siku zile walikuwa na shauri moja: rudini kwenye chemchemi. Kila mtu anajua kwamba maji ya mto huchafuka kadiri yanavyokwenda mbali. Anayetaka maji safi hupanda mlima mpaka pale yanapotokea. Ndivyo walivyosema juu ya elimu: usitosheke na maelezo ya watu wa baadaye, soma kitabu chenyewe katika lugha yake ya kwanza.

Mmoja wa wasomi hao alikuwa Erasmus, mtu wa Rotterdam, Uholanzi. Mwaka 1504, katika maktaba ya watawa karibu na Leuven, alikuta maandishi ya Mwitalia Lorenzo Valla, aliyekuwa amelinganisha Agano Jipya la Kilatini na lile la Kiyunani na kuonyesha mahali yasipopatana. Erasmus akaifuata njia hiyo. Mwaka 1516, katika mji wa Basel, Uswisi, alitoa Agano Jipya la Kiyunani, na kando yake tafsiri ya Kilatini aliyoisahihisha mwenyewe. Lilikuwa Agano Jipya la Kiyunani la kwanza kupigwa chapa na kuuzwa kwa watu. Alimtolea Papa Leo wa Kumi kitabu hicho kwa heshima.

Sasa sikilizeni habari ya neno letu. Katika Biblia ya Kilatini iliyokuwa ikitumika kwa zaidi ya miaka elfu moja, amri ile ya Bwana ilisomeka kana kwamba anasema, Fanyeni kitubio. Watu wengi walielewa hivi: nenda kwa kasisi, upewe kazi ya kufanya, uifanye, umalize. Lakini neno la Kiyunani ni metanoia, maana yake kugeuka nia. Si kazi ya kumalizwa, bali ni moyo kugeuka na kumrudia Mungu.

Ndugu zangu, neno hilo moja lilikuwa na uzito mkubwa wakati ule. Mwaka 1506 Papa Julius wa Pili aliweka jiwe la msingi la kanisa jipya la Mtakatifu Petro huko Roma, na ujenzi ulihitaji fedha nyingi. Mwaka 1515 Papa Leo aliruhusu vyeti vya rehema vitolewe Ujerumani kwa fedha, sehemu iende Roma kwa ujenzi, na sehemu ilipe madeni ya Askofu Mkuu wa Mainz. Mafundisho ya kanisa yalisema kwamba vyeti vilihusu adhabu za dhambi, lakini mtu wa kawaida alidhani amenunua msamaha. Oktoba 31, 1517, Martin Luther alitoa hoja zake 95. Hoja ya kwanza yahusu neno lile lile: kwamba Bwana alitaka maisha yote ya waamini yawe ya kutubu.

Kutoka hapo maji ya chemchemi yalitiririka mbali. Luther alitumia kitabu cha Erasmus kutafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani mwaka 1522. William Tyndale alifanya hivyo kwa Kiingereza mwaka 1526, naye aliuawa kwa ajili ya imani yake mwaka 1536. Erasmus mwenyewe alibaki katika Kanisa la Roma hata kufa kwake mwaka huo huo, akazikwa Basel. Na katika mji huo huo wa Basel, miaka mingi baadaye, alisoma kijana mmoja aliyeitwa Johann Ludwig Krapf. Mwaka 1844 alifika Mombasa. Miezi michache tu baadaye akamzika mkewe na mtoto wake mchanga, na hakuacha kazi ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili.

Na katika Kiswahili chetu twasoma, Tubuni. Neno hili limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni kurudi. Manabii wa Israeli nao walitumia neno la Kiebrania lenye maana hiyo hiyo. Kile ambacho wasomi wa Ulaya walikitafuta kwa taabu, sisi tunacho kinywani kila siku. Lakini je, tunacho moyoni?

Nikiri jambo moja. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukijenga kanisa, tukafanya harambee. Mzee mmoja alitoa mabati kuliko watu wote. Tulimpigia makofi, tukamkalisha mbele. Siku ya pili mdogo wake alinijia, akaniuliza kwa upole, "Mchungaji, mabati yale yatanirudishia shamba langu?" Maana yule mzee alikuwa amesogeza mpaka. Nami nilijua. Nilijua nikanyamaza, kwa kuwa kanisa lilihitaji paa.

Siku ile niliona kwamba niliweza kusoma metanoia kwa Kiyunani, na bado nilikuwa nikiuza vyeti. Nilimwomba msamaha yule ndugu kwanza, ndipo nikaenda kwa mzee. Alikasirika, akakaa miezi mingi bila kuja ibadani. Lakini msimu wa mvua ulipofika, watu waliwaona ndugu wale wawili wakipanda pamoja miti ya mpaka, pale pale ulipokuwa zamani.

Wapendwa, elimu ni zawadi ya Mungu, na uzuri wa sanaa vivyo hivyo. Tusiviogope, na watoto wetu wavisome. Lakini wako waliorudi kwenye chemchemi ya vitabu wasinywe. Zakayo hakuwa msomi wa Maandiko, bali alipompokea Bwana alirudisha alichodhulumu, mara nne. Je, wewe una mpaka gani uliosogezwa? Kuna deni gani unalotaka kulifunika kwa sadaka? Toa sadaka yako, ndiyo, lakini kwanza rudi.

Na tuombe. Ee Baba wa rehema, tusamehe tulipokuletea vitu mahali pa mioyo yetu. Tugeuze nia, uturudishe kwako, na utupe nguvu ya kurudisha tulichochukua kwa wenzetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.