Programu yako inakata mistari ya picha? Anzia hapa

Umeandika programu ya kukondesha mistari ya picha. Umeiendesha, na badala ya mstari mwembamba unaona vipande vipande. Au picha imebaki vilevile, kama vile hukufanya kitu. Kabla hujafuta kila kitu uanze upya, hebu tulia. Mara nyingi shida ni ndogo.

Kukondesha ni kumenya mstari mnene pande zote hadi ubaki na unene wa pikseli moja, bila kukatika. Hapo kwenye kukatika ndipo kuna kazi. Chukua alama za vidole: kompyuta hulinganisha mahali mistari inapoishia na inapogawanyika. Programu ikikata mstari mmoja, imezua ncha mbili ambazo hazipo kwenye kidole cha mtu.

Mbinu maarufu ni ya Zhang na Suen, ya mwaka 1984. Hukagua kila pikseli pamoja na majirani wake 8, kwa awamu mbili zinazopokezana, hadi pasiwe na cha kufuta. Mojawapo ya masharti ni kwamba pikseli ifutwe tu ikiwa majirani 2 hadi 6 ni sehemu ya mstari.

Sasa kagua mambo haya:

Namba. Picha nyingi huhifadhi nyeupe kama 255, si 1. Ukijumlisha majirani hivyo, hutapata kamwe jumla ya kati ya 2 na 6, kwa hivyo hakuna kinachofutwa. Badilisha ziwe 0 na 1 kwanza.

Rangi. Mstari uwe 1, usuli uwe 0. Ukizigeuza, unakondesha usuli.

Kufuta papo hapo. Hili ndilo huwanasa wengi. Ukifuta pikseli kabla ya kumaliza awamu, jirani yake atapimwa kwa picha iliyokwisha kubadilika. Weka alama kwanza, kisha futa zote kwa pamoja mwisho wa awamu.

Faili. Hifadhi kwa PNG. JPEG huongeza kijivujivu kando ya mistari.

Bado imegoma? Achana na picha kubwa. Tengeneza mstatili wa pikseli 3 kwa 9, uzungushie sufuri, kisha chapisha namba zote kila awamu inapoisha. Utaona wazi ni awamu gani iliyokata mstari, na hapo ndipo pa kurekebisha.