Mdudu wa chini ya gogo naye anakimbia joto

Wandugu wachimbaji, na nyinyi wamama munaobaki na mashamba, leo sitazungumza juu ya bei ya kilo. Nitazungumza juu ya mdudu. Musicheke kwanza.

Kila mchimbaji anamujua. Tukienda kutafuta miti ya kushikilia shimo, ukiinua gogo lililooza, anatoka mbio: mweusi, mgongo mgumu, miguu mirefu. Wengi wao hawawezi kuruka, wanakimbia tu. Kwa Kifaransa wanamwita karabe. Mchana anajificha chini ya majani na magogo, usiku anatoka kuwinda viwavi, konokono wadogo na wadudu wengine. Mama mwenye maharagi au viazi kando ya pori yuko na mlinzi wa usiku asiyemulipa hata franga moja.

Sasa mlinzi huyu yuko na shida, na sisi tunaweza kuielewa kuliko watu wa ofisi. Mu shimo, kama joto linazidi na hewa inakuwa nzito, unafanya nini? Unapanda juu. Karabe wa milimani naye anatafuta baridi na udongo wenye unyevu. Joto likiongezeka chini, anapanda.

Tufanye hesabu. Mlimani, kila meta 100 unapopanda, joto linapunguka karibu digri 0,6. Njo maana Goma, kwenye meta karibu 1.500, unatembea na shati tu, lakini juu ya Nyiragongo, meta 3.470, unatetemeka. Basi joto likizidi digri 1, mdudu anatakiwa kupanda karibu meta 170 ili apate baridi yake ya zamani. Na dunia imeshapita digri 1 hiyo. Angalieni Ruwenzori, hapo Beni: mwaka 1906 barafu yake ilikuwa karibu kilometa 6,5 za mraba; mwaka 2003 ilikuwa imebaki kama 1 tu.

Lakini mlima uko na mwisho. Ukifika kwenye kilele, unapanda wapi tena?

Huko Italia, kwenye milima ya Paneveggio, watafiti walitega wadudu hawa mwaka 1980. Karibu miaka 30 kiisha, walirudi fasi zile zile. Aina 36 zilikuwa zimebaki 27. Zingine zilikuwa zimepanda juu, zingine hazikuonekana tena. Na hapa musikilize vizuri: mabadiliko makubwa yalikuwa kule juu pasipo miti. Ndani ya msitu yalikuwa madogo kuliko kule juu. Kivuli cha miti ni kama paa la nyumba: jua linawaka inje, lakini ndani udongo unabaki na unyevu wake.

Kwetu Kivu wadudu wa udongo walitafutwa tangu zamani. Miaka ya 1950, Mbelgiji Narcisse Leleup wa IRSAC, ile ambayo leo ni kituo cha Lwiro, alikuwa akichambua udongo wa misitu yetu ya milimani. Humo mulikuwa wadudu wadogo sana wasio na mabawa. Mdudu wa namna hiyo hawezi kuvuka malisho makavu ya ng'ombe ili afike kwenye pori lingine. Ukikata pori lake, umemufungia mulango.

Wandugu, joto la dunia halikutoka kwenye kariere zetu peke yake, na hatuwezi kulizima sisi wenyewe. Ila kivuli, hicho kiko mu mikono yetu. Miti ya kushikilia shimo tuichukue kwenye mikaratusi iliyopandwa, siyo kwenye pori la asili. Magogo yaliyooza tuyaache palepale. Hayashikilii shimo, na makala yake ni majivu tu. Shimo likiisha, tulijaze, tupande miti. Kila kikundi kianze na kilima chake.

Najua mtu atasema: mtoto analia njaa, wewe unalilia mdudu? Ndugu yangu, ni juu ya mtoto huyo njo nasema. Viwavi wakimaliza maharagi ya mama yake, utanunua kwa bei ya soko. Na mlima uliovuliwa miti, mvua kubwa ikinyesha, unashuka juu ya nani? Hiyo hatuhitaji profesa wa kutufundisha. Tumezika wenzetu.