Barua Pepe ya Polisi: Huchujwa Kwanza, Hutiwa Sahihi Mwisho



Mfanyabiashara anapokea barua pepe yenye jina la polisi. Inamwarifu kwamba mzigo wake umezuiliwa na kwamba sharti atume faini kwa simu kabla ya jioni. Atajuaje kama barua hiyo imetoka kwetu? Swali hilo ni la haki, nasi twapenda kulijibu.

Utaratibu wa kutuma barua pepe uliowekwa mwaka 1982 haukumtaka mtumaji athibitishe jina lake. Ilikuwa kama bahasha: mtu aliweza kuandika nyuma yake jina lolote. Matapeli huutumia udhaifu huo hadi leo. Dawa mojawapo ni sahihi ya kidijitali iitwayo DKIM. Seva inayotuma hutia kila barua alama kwa ufunguo wa siri, na ufunguo wa wazi unaolingana nao hutangazwa kwenye intaneti ili seva inayopokea iihakiki alama hiyo. Neno moja la barua likibadilishwa njiani, sahihi huwa batili.

Hata hivyo, sahihi peke yake haitoshi. Mwizi akiiba nenosiri la ofisa, barua atakazozituma zitatiwa sahihi halali. Ndiyo maana seva hupaswa kuzichuja hata barua zinazotoka: ikague viambatisho vyenye virusi, na iizuie akaunti inayotuma mamia ya barua kwa ghafla.

Mpangilio nao una maana. Wakazi wa mpakani mnaifahamu lakiri ya forodha: mzigo hukaguliwa kwanza, ndipo lori lifungwe. Barua pepe vilevile huchujwa kwanza, kisha hutiwa sahihi. Kichujio kikiongeza hata mstari mmoja wa maneno katika matini ya barua baada ya sahihi, lakiri imevunjika, na barua halali yaweza kuishia katika kasha la barua taka.

Kwa upande wenu, twawashauri yafuatayo:

1. Someni anwani nzima, si jina la mtumaji tu. Anwani za serikali ya Uganda huishia na .go.ug, za Kenya .go.ke, na za Tanzania .go.tz. Baada ya hapo pasiwepo neno jingine.

2. Katika Gmail, fungueni maelezo ya mtumaji. Hapo huonyeshwa anwani ya mtandao iliyotia sahihi, nayo yapasa ilingane na ile ya mtumaji.

3. Barua ikidai fedha, msilipe, msijibu, wala msiifute. Fikeni nayo katika kituo cha polisi kilicho karibu.

Tukumbuke kwamba sahihi huthibitisha barua ilikotoka. Haithibitishi kwamba yaliyomo ni ya haki. Kwa hiyo hata barua yenye sahihi halali, ikiwaelekeza kutuma fedha kwa namba ya mtu binafsi, njooni kwanza mtuulize. Kuulizwa si kudharauliwa. Ni sehemu ya kazi yetu.